Majogoo Tisa wa Kuku wa Mama

Nakumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyomkuta kuku wa mama amekufa bandani, mgongo hauna hata unyoya. Nakuambia kwa sababu asubuhi umenionyesha majogoo wako saba kwa fahari. Usidhani nilipendezwa.

Ilikuwa huko Kadutu, mtaa wa mjini, wakati wa Wabelgiji, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano. Mama alimwatamisha yule kuku, wa kahawia mwenye doa jeupe shingoni, mayai kumi na matatu ndani ya kitunga kikuukuu, na chini ya majani akatia kipande cha makaa, eti ngurumo isiharibu mayai. Kesho yake mama alizidiwa na ugonjwa, wakampeleka hospitali ya Katana. Mlangoni aliniambia kuku sasa ni wangu, nisimkoseshe maji, na siku nikiolewa niende na uzao wake. Hakurudi. Vifaranga kumi na mmoja walianguliwa wiki ileile tuliyomzika.

Niliwalea kwa machozi na unga wa mahindi. Panga zao za kichwani zilipoanza kuwa nyekundu, tukahesabu majogoo tisa na majike wawili tu. Shangazi yangu, dada ya baba yetu tuliyemwita papa, alikuwa amekuja kutoka Mumosho kututazama. Alichungulia bandani mara moja tu.

“Moja inatosha, mutoto yangu,” akasema. “Hii ingine iondoke mbele ya kuanza kuwika.”

Nilikataa. Nawe usinihukumu haraka. Sisi wanawake wa Kishi zamani hatukula kuku, ulikuwa mwiko wa kabila letu. Mama alifuga maisha yake yote na hakuonja hata mchuzi. Mapaja ya papa, firigisi ya mgeni, mama anaosha sufuria. Nikaapa moyoni kwamba hawa tisa, angalau hawa, hakuna mwanaume atakayewatia kinywani.

Siku ya kuondoa matanga, wajomba zangu walifika kutoka Kabare. Papa aliniomba majogoo wanne. Akaomba, mwanangu, mtu mzima na nyumba yake. Nikasimama mbele ya banda, mikono nimeitanua, nikamwambia hao ni watoto wa mama. Papa alikuwa seremala mwenye mikono mikubwa. Angeweza kunisukuma kwa kidole. Alinitazama, akarudi kwa wageni. Walikula bugali na maharagi, na papa hakuweza kuwatazama mashemeji zake usoni. Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Sasa, miaka ile kuku hawakuruhusiwa kuzurura Kadutu. Ilibidi wafungiwe. Kwa hiyo wote walikaa katika banda la mbao ambalo papa alilitengeneza kwa kuku watano. Majogoo wakakomaa. Walipigana hadi damu, na wakichoka kupigana wakawageukia majike. Mimi ni muzee, sina haya tena: madume tisa juu ya majike watatu, kutwa nzima, pasipo pa kukimbilia. Jike mmoja mdogo akafa, kisha wa pili. Kuku wa mama nikampaka mawese kwenye vidonda na kumrudisha mlemle. Kila siku nilijiambia kesho nitachagua wa kuondoka, na kila kesho nilishindwa, maana wote walikuwa na rangi ya mama yao.

Ndipo Jumapili moja nikatoka misa, nikamkuta.

Shangazi aliposikia alikuja kwa mguu. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliketi karibu nami akasema polepole, “Banaume bamekula bugali, bameshiba, bamerudi kwabo. Ni mama yako tu amekufa mara mbili.”

Wiki ile papa aliwaita majirani zake, na majogoo wote tisa wakachinjwa. Wanaume wakala mpaka wakalegea. Sufuria niliosha mimi.

Niliolewa mikono mitupu. Tangu hapo kila kuku niliyemfuga ni wa kununua sokoni, na mpaka leo, nikiwa na mvi hizi, hutazama shingo ya kila kuku wa kahawia nikitafuta lile doa jeupe. Silioni. Najua sitaliona, na bado natazama.

Basi nisikilize. Panga zikianza kuwa nyekundu, tenga madume. Chagua mmoja mpole mwenye miguu mizuri, na wengine uwape watu, uwauze au uwapike siku hiyohiyo, ungali na uwezo wa kuchagua. Usiseme unawahurumia, kwa maana gharama ya huruma yako italipwa na majike. Na kama una hasira na walio hai, usiwalipize kwa kile ulichoachiwa na marehemu. Mimi nilitaka kumtetea mama yangu, nikamaliza kitu pekee alichoniachia.

Nenda sasa, banda lako lina kazi kabla ya jua kuzama. Mungu akupe kuachilia mapema. Vifaranga wako waishi, na binti yako siku ya kuolewa aondoke na kuku wa nyumbani kwao mikononi.