Pipa la Baba

Juzi mpwa wangu alitufungulia, mimi na Baba, kwenye simu video ya mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyechagua kuishi ndani ya pipa. “Ile njo liberté, tonton!” akaniambia, yaani huo ndio uhuru. Hasira ilinipanda.

Wakati wa vita, mchana mmoja hapa Butembo, askari walikuwa wakikamata wanaume wawabebee risasi. Mama alimfunika Baba kwa pipa tupu lililonuka mawese, akaketi juu yake akichambua maharagwe. Viatu vya askari vilipokaribia, akaimba kwa nguvu wimbo wa kanisa. Mimi nilidhani ni mchezo wa kujificha, nikanung'unika: “Mama, shuka, sasa ni mimi!”

Baba, ambaye sasa ni mzee, aliitazama video hadi mwisho.

“Na juu ya ile pipa,” akauliza, “nani alikuwa anaikala?”