Harufu Iliyomfanya Mlevi

Wifi yake ndiye aliyemwita mlevi, mchana kweupe, mbele ya madobi wote wa nyumba ya wageni, na mume wake mwenyewe akaitikia. Huo ndio ubaya aliotendewa. Tangu azaliwe hajaonja pombe.

Alikuwa fundi wa pasi. Shuka aliyoinyoosha yeye ilikaa kama ubao. Wifi, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kufulia na ndiye aliyemwingiza kazini, jambo alilolitaja kila alipopata nafasi na hata asipoipata.

Kwanza ilikuja kiu. Alimaliza jagi zima la maji na koo likabaki kavu kama kifuu. Chooni akawa haishi kwenda.

"Wewe umefuata pasi au choo?" wifi akamuuliza.

"Wifi, ni maji ninayokunywa."

"Basi acha kuyanywa."

Wenzake wakacheka, naye akacheka, maana mnyonge hachagui la kuchekea. Nguo zikaanza kumpwaya. Shoga yake wa meza ya pili akamtania, "Tupe siri basi, na sisi tuna viuno vya kupunguza."

Siku ya kisa, shuka zilimcheza machoni. Alihema kama aliyepanda mlima, akashika meza asianguke, akaunguza foronya. Wifi akaja, akamnusa, akarudi nyuma. Kinywani ilitoka harufu tamu, kama ya ndizi zilizovundikwa zikapitiliza.

"Kumbe ndiyo maana chooni hatoki," akasema, na sauti yake ilifika hadi uani, kwenye kamba za kuanikia. "Amelewa huyu. Tafuteni chupa kaificha wapi."

Mume, aliyekuwa mlinzi wa geti hapohapo, akaitwa. Akainama, akanusa. "Nilikuwa nashuku," akasema.

Wakamlaza juu ya shuka chafu pombe imtoke. Wifi aliwahi kusikia kwamba sukari hukata ulevi, akaamuru anyweshwe soda. Shoga ndiye aliyeona kwamba kila funda linamzidishia kulegea. Hakuomba ruhusa. Alimpakia kwenye toroli ya nguo, akamsukuma mpaka hospitali ya mtaa wa nyuma, na mume akafuata nyuma akinung'unika juu ya aibu.

Alipozinduka, muuguzi alikuwa akimweleza mume.

"Huyu hajanywa kitu, ana kisukari. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, ndilo linalotoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari iingie misulini. Ikikosekana, damu inajaa sukari na mwili unashinda njaa. Figo zinaimwaga sukari kwenye mkojo, nayo inaondoka na maji. Ndiyo kiu ile. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, damu inakuwa na asidi, mapafu yanahema kwa nguvu kuipunguza, na harufu ya kuungua huko inatokea kinywani. Mlimpa nini?"

"Soda."

Muuguzi akasema, "Mlikuwa mnammalizia."

Yeye kitandani alisikia yote. Figo zake zilikuwa zikimpigania, mapafu yakimpigania, moyo ukienda mbio usimwache. Viungo visivyo na ulimi vilimtetea, na wenye ndimi wakamlaza kwenye nguo chafu.

Alirudi kazini na sindano zake za insulini. Wakati wa chakula hujidunga palepale mezani, pasi ikiwa kando.

"Nenda ukajifiche, wifi, watu watasema," msimamizi akamwambia.

"Wameshasema. Uliwafundisha wewe."

Siku nyingine wifi alimfuata jikoni kwake, akarudishia mlango, akanong'ona, "Yaishe basi. Sikujua."

"Kutojua nimekusamehe. Ila ulichoniita hujakiondoa."

"Si nimekuomba radhi? Unataka nipige magoti?"

"Magoti yako yanihusu nini? Umenitukana uani, unaniomba radhi jikoni. Rudi uani."

Wifi akaondoka akisema mke wa mdogo wake ana kiburi. Anacho, na hakipunguzi.

Madobi wapya bado humnusa wakipita. Kwa hiyo wifi anadaiwa kusimama kwenye kamba za kuanikia na kusema, kwa sauti ile ya siku ile, kwamba mwanamke huyu hakulewa, alikuwa anakufa. Na mume anadaiwa kusema, dada yake akisikia, kwamba alisema anashuku na hakuwa na la kushuku. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.