Kitako Kipya na Mkono wa Baba Mkwe

Kucheka mtacheka tu, kwa hivyo bora nianze mimi: kuna siku bunduki yangu mwenyewe ilinikamata mkono mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.

Tulikuwa wageni bado Maskati, tumetoka Unguja, na baba mkwe wangu, Mzee Khalfan (aliishi Pemba ujanani, Kiswahili chake kinanishinda mimi), alishasema wazi kwamba mkwe asiyepiga shabaha siku ya Idi mbele ya watu si mkwe, ni mgeni. Bunduki nnayo, ndogo, ya kupigia njiwa, lakini kitako chake, ule mti wa kuegemeza begani, kilikuwa kifupi kana kwamba kimechongewa mtoto, nikilenga shingo inanikunjika na jicho halikai sawa na mtutu. Basi nikampelekea seremala wa Matrah, mji wa jirani, picha niliyoikata gazetini: kitako kirefu, kina mwinuko wa kuegemeza shavu na tundu la kupitishia kidole gumba. Akanichongea, na wallahi kilipendeza.

Nasor, kaka wa mke wangu, akakigeuzageuza. "Bunduki ni mtutu, shemegi. Gogo hili la nini?"

"Utaliona Idi."

Idi ikafika, mke wangu akataka nipendeze, nikavaa pete nene ya fedha kwenye kidole gumba (tundu nililijaribu bila pete, lakini nani anakumbuka hayo akiwa amejifukiza udi?). Tukashuka bondeni Ruwi, siku zile changarawe tupu, jiwe jeupe limesimamishwa mbali. Nasor akapiga, akakosa, akanigeukia mimi.

"Haya, mtu wa Unguja! Kwenu mkiwinda nini, kunguru?"

Nikakaa chini, nikapenyeza kidole kwa nguvu, shavu likatua, jicho likafika lenyewe, nikafyatua, jiwe likapinduka. Wanaume wakapiga kelele. Mzee Khalfan akainuka, akanijia kanyoosha mkono wa kulia.

Wangu hautoki! Pete imekwama tunduni. Kumpa kushoto ni tusi, kumwacha na mkono hewani ni tusi zaidi, basi nikampa kulia pamoja na bunduki iliyonasa, mtutu ukazunguka, na safu nzima ya wazee, naye akiwamo, ikalala kifudifudi, vilemba huku, bakora kule. (Risasi haikuwamo tena, lakini nani angeningoja nieleze?)

"Mwanangu," Mzee Khalfan akauliza kutoka chini, "unanisalimia au unaniua?"

"Nakusalimia, baba! Mkono umekwama!"

"Seremala kamwozesha bunduki!" akapiga ukelele Nasor, na hapo heshima ya Idi ikaishia, watu wanalia kwa kicheko. Kahawa nikanyweshwa na Nasor huyo huyo, kama mtoto. Mwishowe wakanimiminia samli ya karamu mpaka kidole kikachomoka.

Mzee Khalfan akaushika mkono ule ule unaochuruzika, hakuuachia, akawageukia watu. "Huyu mkwe wangu. Jiwe kaliangusha, na sisi katuangusha."

Wanaoniuliza kama kubadilisha kitako kunafaa nawaambia kunafaa sana, ikiwa cha zamani hakikukai mwilini. Changu ninacho mpaka leo, na Nasor mwenyewe alikuja kunong'ona nimpeleke kwa seremala. Ila nimeapa: Idi yoyote nitakayojaaliwa, nitawapa watu mkono kwanza, wote, mmoja mmoja, ndipo niiguse bunduki.