Rifle ya risasi rahisi, na sauti iliyosema "bado" kwenye ukungu wa Doha

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mtanisalimia kwenye comments.

Kuna mwenzetu humu kauliza achukue rifle gani ya kulengea shabaha siku za mapumziko, maana bei ya risasi inamtoa jasho. Nilitaka nimjibu kwa mstari mmoja, mkono ukakataa. Ndiyo maana nafungua uzi wangu.

Haya niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishajaribu kucheka ikashindikana.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa Doha, dereva wa nyumbani. Bosi wangu tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani walivyozoea kule. Mtu mzima, mpole, ila mkono wa birika kidogo.

Mjini alikuwa na nyumba, na upande wa Umm Salal alikuwa na shamba. Mitende, mbuzi, ngamia wachache, na nyuma kabisa uwanja mtupu wenye tuta refu la mchanga. Kibali cha bunduki alikuwa nacho. Ijumaa asubuhi tunakwenda, anapiga makopo ya rangi yaliyopangwa mbele ya lile tuta, tunarudi mjini kabla ya swala.

Pale shambani mifugo alikuwa anaiangalia Haji, Mpemba. Mimi alikuwa ananiita "mbara" na mimi namwambia karafuu zimempanda kichwani. Ugenini mtu wa lugha yako ni nusu ya nyumbani, kwa hiyo nilikuwa naisubiri Ijumaa kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya bunduki.

Rifle ya Baba ilikuwa ya kuwindia, three-oh-eight. Ina teke la punda. Na kwa bei ya risasi zake, kila akipiga moja unaona kabisa sahani ya biriani imeruka angani.

Kwa hiyo alikuwa anapiga chache, anaiweka chini, anakunywa gahawa. Haji anakwenda kusimamisha makopo yaliyoanguka. Baba anapaza sauti, "Khalas?", yaani tayari? Haji anajibu "Khalas" na kurudi kaunyoosha mkono juu. Utaratibu wetu ulikuwa huo tu na ulitutosha.

Sasa Baba alijua niliwahi kufanya kazi kambi ya uwindaji wa kitalii huku kwetu. Siku moja kwenye gari akatoa risasi mfukoni akanionyesha, "Ghali. Ghali."

Nikamwambia achukue ndogo, point two-two. "Rahisi," nikasema.

Akacheka sana, maana kwao ni rakhis. Hapo ndipo tulipokuwa tunajidanganya wakuu. Kiswahili na Kiarabu vina maneno mengi ya undugu. Ukishaona ghali ni ghali na habari ni habari, unadhani lugha umeimaliza.

Ushauri wenyewe haukuwa na kosa. Bunduki ya upepo ni rahisi kuliko zote, ila yeye angeiona ya watoto. Two-two-three ipo katikati, lakini kwa mtu wa kupiga kila wiki inauma mfuko. Two-two haina teke, kelele zake ndogo, na boksi zima unalipata kwa bei ya risasi chache za ile kubwa. Anayejifunza kulenga aanzie hapo, hilo nalisimamia hadi kesho.

Baba akainunua. Nisichokiwaza ni kwamba ile bei ndiyo iliyokuwa inampumzisha. Risasi ilipokuwa ghali alifikiri kabla ya kila moja. Ilipokuwa rahisi, bunduki haikuwekwa chini tena.

Basi, Ijumaa moja ya miezi ya baridi tukakuta ukungu. Waliokaa Doha wanaujua. Jua limeshatoka lakini unaona weupe tu, mtende wa karibu unauona nusu. Tuta halikuonekana kabisa.

Enzi za ile kubwa tungegeuza gari. Nikamwambia Baba leo haifai. Akatikisa boksi la risasi, akasema "Rakhis", akaanza kupiga ndani ya ule weupe.

Alikuwa anasikiliza. Risasi ikigonga kopo unasikia ting, anatabasamu. Ikikosa, kimya. Ule mchezo sikuupenda hata kidogo, wakuu. Mtu anarusha kitu asikokuona halafu anangoja kujibiwa.

Ting zikaisha. Haji akaingia kwenye ukungu kusimamisha makopo, akapotea kama aliyezama. Baba akanituma boksi jingine kwenye gari, nyuma ya zizi.

Nipo pale, mkono mlangoni, nikasikia Baba anaita, "Khalas?"

Na Haji anajibu kutoka mbali, "Bado!"

Kwetu bado ni subiri, sijamaliza. Kwa Kiarabu cha kule ba'ad ni tena, ongeza nyingine.

Pah. Kale kamlio ka two-two, kama mtu kavunja kijiti kikavu.

"Bado," ikasema sauti ya Haji. Safari hii taratibu, bila woga wowote.

Pah.

"Bado."

Pah.

Nilikimbia. Hata kupiga kelele sikukumbuka. Nikamfikia Baba kwa nyuma, nikausukuma mtutu juu. Akanigeukia kwa hasira, kisha akaniona uso, akaelewa nani yuko kule.

Tukaingia kwenye ukungu tukimwita. Haji hakujibu. Baba alikuwa anasoma dua huku analia, na mimi nilikuwa nawaza nitampigia nani simu Pemba na nitaanza na neno gani.

Tulimkuta kalala kifudifudi chini ya tuta, mdomo umejaa mchanga. Kofia yake ilikuwa pembeni na imetoboka. Nikamgeuza. Akafumbua macho. Mzima, hana hata mkwaruzo.

Nikakaa chini nikalia kama mtoto. Nikamwambia, Haji, kwa nini uliendelea kusema bado, ulikuwa unajiua.

Akatema mchanga. "Mie n'lisema mara moja tu. Risasi ya kwanza ikanivua kofia, n'kaanguka. Yaliyobaki si weye? Kila n'kitaka kuinuka weye wanambia bado, hapa hapa sikioni. N'kalala."

Nikamgeukia Baba. Akaninyooshea kidole. Akasema na yeye alisikia sauti yangu, nimesimama nyuma ya bega lake, namwambia ba'ad, ba'ad, akajua Haji kesharudi.

Wakuu, mimi nilikuwa kwenye gari. Sikufungua mdomo.

Baba aliifungia two-two kwenye sanduku, hakupiga tena shambani. Haji aliomba kurudi kwao na Baba hakumzuia.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: chukua two-two, kwa bei hutajuta. Ila uiheshimu kama ile ya ghali, usipige usipopaona, na mkubaliane ishara ya mkono badala ya neno. Risasi ni ndogo lakini inakwenda mbali kuliko jicho lako.

Wanaojua mambo ya majangwa na majini waje, na wanaosema ni masikio yetu tu waje pia, nitawasoma wote. Nataka mnisaidie jambo moja tu. Sauti ile ilimwambia mmoja aue na mwingine asiinuke, kwa neno moja. Nimeshindwa kujua ilikuwa inamtaka Haji au inamlinda, na kinachoninyima raha ni kwamba ilichagua sauti yangu.