Mzigo wa Dago Kutoka Kionga

Dada yangu Zuhura alikuwa Mtwara, mimba yake imeingia mwezi wa nane, na mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Hakutaka mkunga yeyote ila mama. Mama naye alikuwa kwetu Kionga, upande wa Wareno, na habari zilizotufikia zilisema kijiji kizima, kwa sababu ya vita, kitahamishiwa ndani ya ua wa seng'enge kabla msimu wa upepo wa kusi haujaisha. Baada ya hapo asingetoka mtu. Nikaacha vitabu vyangu chuoni Dar es Salaam, nikashuka Mtwara, kisha nikaenda Msimbati kutafuta chombo.

Siku ya kwanza, Msimbati. Nahodha Alawi, mwenye mashua aliyekubali kunivusha, alinitaka nifungue begi langu pale pale mchangani. Nilikuwa nimepakia suruali mbili, viatu, koti la mvua, tochi, sabuni ya kunukia na kitabu kinene. Alivitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mchanga kama mtu anayetandaza samaki.

"Hiki kitabu, unakwenda kuwafundisha papa?"

"Njia ni ndefu, nahodha."

"Njia ni ya siku moja. Na tochi, wamulikie Wareno wasijikwae?"

Akanieleza. Boti ya doria ikitukuta, sisi ni watu wa dago, yaani wavuvi wanaohamia visiwani wiki mbili tatu kuvua na kukausha samaki. Mzigo wa dago unajulikana: jamvi, sufuria, unga, chumvi, dumu la maji, shuka ya mwilini na shuka ya kulalia. Basi. Askari walikuwa wamejifunza kuisoma mizigo yetu. Mtu akikutwa na kiatu kizuri, huyo ni mpiganaji.

Mimi sikuzoea kukubali jambo bila kulihoji. Nikauliza kwa nini tusijifanye watu wa harusi, tukavaa vizuri.

"Harusi inataka bwana harusi," alisema Alawi. "Nani akuoze wewe?"

Akanirushia shuka yake kuukuu yenye harufu ya ng'onda, samaki wa kukaushwa. Begi langu likabaki kwa mkewe.

Siku ya pili tuliondoka alfajiri, tukapiga bisho, huku na huku dhidi ya upepo, mchana kutwa, maana kusi ilitukabili usoni. Mbele ya mdomo wa Ruvuma maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na vipande vya matete kutoka bara vilitupita kimya. Tuliiona boti ya doria mara moja tu, mbali, nyeupe kama jino. Haikugeuka. Alasiri tukaingia mkono wa bahari kati ya mikoko ya Kionga, na nilipoisikia harufu ya tope lile nikasahau kwa kitambo kwamba ilikuwa imepita miaka minne sijalikanyaga.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Chuo gani hicho kinachowavalisha wanafunzi wake hivi?"

Jioni ile tulifunga mzigo. Nimekwisha kufanya mitihani mingi, lakini sijafanya kazi ngumu kama ile. Mama alifungua kasha lake, na chumba kikajaa udi na asumini kavu, harufu ya kila Idi ya utoto wangu. Akatoa sinia la shaba.

"Watu wa dago hawana sinia, mama."

"La mama yangu hili."

"Najua."

Alilirudisha. Akatoa mkufu wa fedha, marashi, msahafu wa baba, mto alioutia nakshi mwenyewe. Kila kimoja alikishika, akakirudisha mahali pake, maana nyumba ilipasa ionekane ya mtu atakayerudi. Mwishowe akainua mbuzi ya kukunia nazi, akaniuliza kwa macho.

"Hiyo chukua."

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimeruhusiwa kukuna nazi."

Siku ya tatu, asubuhi, nilikwenda mikokoni kumsaidia Alawi kujaza maji. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Nilimkuta mama mlango wa tano kutoka kwetu, amejifunika vizuri, amemshika mwenye nyumba mikono yote miwili.

"Kama nilikukosea kwa neno au kwa jambo, unisamehe. Nami nimekusamehe."

Mtu anayekwenda dago haombi radhi. Radhi huombwa na anayekwenda kuhiji, au asiyejua kama atarudi. Tulikuwa tumeuficha ukweli ndani ya sufuria moja na jamvi moja, naye alikuwa akiutangaza nyumba kwa nyumba.

"Mama, watu wa dago hawaagi!"

"Mimi siendi dago."

"Watajua."

"Wajue. Nivuke bahari na haki za watu shingoni?"

"Ni desturi tu hiyo, mama. Ina faida gani?"

Akabisha mlango uliofuata, nami nyuma yake nikimvuta kanga. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Fatu, rafiki yake tangu unyago. Mwanawe Amadi alikuwa sipai, askari mweusi wa posto, kituo cha Wareno. Bi Fatu alilia kwa sauti iliyosikika hadi msikitini.

Tulipofika mashuani, Amadi alikuwa ametutangulia, bunduki begani. Alawi akaanza kuchezea kamba isiyohitaji kuchezewa.

"Shikamoo, Bi Somoe," alisema Amadi. "Safari ya wapi?"

"Marahaba. Dago, mwanangu."

Alipekua kikapu: sufuria, unga, chumvi, mbuzi ya nazi. Akakunjua jamvi, akalikunja. Kisha akamtazama mama vizuri, nami ndipo nilipoona kwamba amevaa kanga zake zote, moja juu ya nyingine.

"Umenenepa tangu jana, Bi Somoe."

"Baridi ya kusi hii, Amadi."

Mimi nilikuwa nikihesabu hatua hadi mikokoni. Mama akamsogelea, akaishika mikono yake, mmoja bado umeshika mkanda wa bunduki.

"Amadi, kama nilikukosea kwa neno au kwa jambo, unisamehe."

Aliuachia mkanda.

"Nimekusamehe, mama. Nawe unisamehe mimi." Kisha akasema kwa ukali, kama vile posto nzima inamsikiliza, "Adhuhuri nitatoa ripoti. Nitasema dago. Jamvi moja, sufuria moja. Ondokeni!"

Kusi sasa ilitusukuma. Kabla ya alasiri tulikuwa Msimbati. Mama alisimama ufukweni akivua kanga moja moja, saba kwa jumla, na mke wa Alawi akicheka hadi akakaa chini.

Zuhura alijifungua salama mikononi mwa mama, mtoto wa kike. Kanga tatu zilichanwa kuwa nepi.

Seng'enge ilijengwa kweli. Mwaka uliofuata alivuka mtu wa Kionga akatuambia Bi Fatu amefariki humo ndani. Mama alikuwa akimwogesha mjukuu. "Tuliagana," alisema, akaendelea kumwogesha.

Vita bado havijaisha, na kila anayevuka hutuletea jina jingine la aliyekufa. Wengi ni wa milango ile. Asubuhi ile niliipita yote, nikimfuata mama nyuma ili nimzuie. Wote waliniona, na baadhi yao walinyoosha mikono. Mimi sikuagana na hata mmoja.