Mbuzi wa Ntheo Aliyekwenda Kyuso na Kurudi

Nilifunga safari kwa sababu ya mimba mbili za mbuzi. Miaka hiyo ya themanini binti yetu Ndinda alichumbiwa na kijana wa Kyuso, na watu wake wakatuletea mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga uchumba kwetu Ukambani. Majike wawili walishika mimba kwetu, wakazitupa wote wawili. Mke wangu Kalekye akasema boma lile la Kyuso halina baraka.

"Baba Ndinda, warudishe kwao."

Kurudisha mbuzi wa ntheo ni kuvunja uchumba. Ndinda alilia machozi ya kujaza tangi la kanisa. Nikaamua kwenda, ila nipitie kwanza kwa daktari wa mifugo, maana masomo ya ufugaji niliyohudhuria jioni hayakuwa ya bure.

Alfajiri, Nunguni kwetu. Nilipanda lori la kabichi na jike mmoja, yule aliyekonda zaidi. Kabichi zilikuwa kubwa kama magurudumu ya lori lenyewe, naye akaziangalia tu. Mbuzi kukataa kabichi! Hapo niliogopa kweli.

Mji wa Mwingi, njiani kwenda Kyuso, jua kali. Daktari alimfunua mdomo, ufizi mweupe kama chaki. Akachomoa kupe masikioni, wanene kama maharagwe. Mmoja naapa alinikonyeza. Kisha akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akanionyesha vinukta kwenye hadubini. Vile, alisema, ni vidudu vinavyoletwa na kupe. Vinamaliza damu ya mama, homa inapanda, mimba inatoka.

Nikamuuliza kama mbuzi alitoka Kyuso mgonjwa. Naye akaniuliza tunamlisha wapi. Nikajigamba kuhusu nyasi zetu za mtoni, ndefu hadi kifuani.

"Basi ni huko," akasema. "Kwao ni kukavu, kupe wenu hakuwazoea. Mlimkaribisha vizuri mno."

Akamdunga sindano, akaniuzia dawa ya kuogesha.

Ningeweza kugeuza hapo. Lakini maneno ya Kalekye yalikuwa yameshafika Kyuso kupitia wachuuzi wa pojo, na neno lililotangulia haliitwi nyuma kwa kukaa Mwingi. Tukaendelea.

Kyuso, jua likishuka. Mama wa kijana aliona kamba mkononi mwangu akaketi chini pale pale. Mzee Musyoka, mumewe, hakunipa mkono.

"Umemrudisha, mkwe."

"Nimemleta awasalimie, mzee. Aliumwa na kupe wetu. Ubaya uko kwenye nyasi zangu, si kwenye boma lako."

Alimpapasa mbuzi masikio yote mawili, polepole, akakuta alama za kupe, halafu akacheka hadi kofia ikaanguka. Ila akakataa katakata mbuzi asilale pale. Mbuzi wa ntheo akilala zizini kwake, kesho soko zima litasema amerudishwa. Kwa hiyo mimi na mbuzi tulilala kwa mchungaji wa kanisa, katika kibanda cha kuni, na aliyekoroma ni mbuzi.

Safari ya kurudi, Kalekye alitusikia tukiwa bado barabarani. Alipomwona mbuzi alishika kiuno, nami nikampa chupa ya dawa na habari yote. Tukaacha kulisha mtoni, tukaogesha kundi zima. Nilichojifunza ni kifupi: nilikuwa karibu kumkosesha binti yangu mume kabla ya kuangalia sikio la mbuzi.

Siku ya harusi jike yule alikuwa zizini ananyonyesha pacha. Kalekye alipita katikati ya wageni wa Kyuso, akawapapasa masikio mbuzi waliokuja nao kwanza, bibi arusi akamkumbatia baadaye.