Mmaasai wa Kwamndolwa aliyemsingizia mkewe nankatai zake

Saa kumi na mbili asubuhi, Kwamndolwa, mjini Korogwe. Baridi ya Julai inateremka kutoka milima ya Usambara, na majirani wanaota moto uani wakiwa wamejifunika kanga na makoti. Nyumba moja tu imefunga mlango na kushusha pazia, ingawa ndani yake majiko mawili ya mkaa yanawaka.

Humo ndani amechutama mwanaume mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa. Shuka lake jekundu limetundikwa msumarini. Kiunoni amejifunga kanga ya mkewe. Anasugua samli na sukari ya kusaga kwa kiganja, taratibu, mpaka mchanganyiko unakuwa mweupe kama povu la maziwa.

Anaitwa Lomayani Tiampati, ana umri wa miaka thelathini na minne, na anaishi kwa kuoka nankatai, zile biskuti laini za samli na iliki ambazo zikiguswa na chai zinayeyuka.

"Nikisikia hatua nje, naacha kukanda," anasema kwa sauti ya chini. "Mtu akibisha hodi, Nkoile ndiye anafungua. Mimi nakaa pembeni kama mgeni aliyekuja kusalimia."

Nkoile ni mkewe. Ndiye anayebeba ndoo za nankatai kwenda stendi na sokoni, na ndiye anayepokea sifa. Mtaa mzima unajua siku ya kuoka, maana harufu ya iliki na tangawizi haizuiliwi na pazia. Wasichokijua ni mkono wa nani unaofanya kazi.

Lomayani hakuzaliwa jikoni. Alikulia kwenye boma la baba yake, nje kidogo ya kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni, akichunga ng'ombe tangu akiwa na kimo cha ndama. Kisha ukaja ukame.

"Ng'ombe walianguka mmoja baada ya mwingine, mpaka tukaacha hata kuwachuna ngozi," anakumbuka. "Baba akaniambia, nenda mjini, angalau wewe utakula."

Korogwe alipata kazi ya ulinzi kwenye duka la mjane mmoja mwenye asili ya Kihindi, anayejulikana kwa wateja wake kama Mama Daxa. Wiki chache kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa, mama huyo aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Unga ulikuwa umeshanunuliwa, wageni wameshaalikwa, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Nilimwita jikoni, akasimama mlangoni na rungu lake," anasema Mama Daxa kwa simu kutoka Tanga, ambako sasa anaishi na binti yake. "Nikamwambia, Lomayani, weka rungu chini, nawa mikono. Alinitazama kama nimemtukana. Lakini alinawa."

Mlinzi huyo alikanda kama alivyoelekezwa. Nankatai za kwanza zilipasuka, za pili zikatoka vizuri. Mama Daxa anacheka akisimulia kwamba mkono wake ulipona, lakini hakuurudisha kwenye unga. "Mimi iliki naimwaga kwa mazoea. Yeye anainusa kwanza."

Mama huyo alipofunga duka na kuhamia Tanga, Lomayani alibaki bila kazi, ila na ufundi. Hakuwa na jiko la umeme. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaitandaza mikate yake midogo kwenye sinia juu ya mchanga huo, akafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Ndivyo anavyooka mpaka leo.

Ladha zake zinafuata majira. Kipindi cha mvua anaoka keki ya viazi vitamu na mdalasini. Ndizi zikiiva kwa wingi anaziponda kwenye unga. Baridi ikiingia ndipo mwenyewe anasema kazi inanoga: tangawizi inayoletwa na wachuuzi wa Mkumbara, maganda ya machungwa yaliyokaushwa na kusagwa, na iliki. Miezi hiyo kipato chake kinakaribia mara mbili ya mshahara wa ulinzi.

Nyumbani Kwamsisi, hata hivyo, hakuna aliyeambiwa. Waliendelea kuamini kwamba mtoto wao analinda duka.

"Kwetu mwanaume anachoma nyama, tena porini, mbali na wanawake," anaeleza, macho yake yakiwa kwenye unga. "Jiko la ndani ni la mama. Ningewaambiaje wenzangu wa rika kwamba nashinda nimechutama nikipanga biskuti?"

Mwaka jana baba yake, Mzee Tiampati, aliletwa Korogwe kutibiwa macho. Alikaa kwa mwanawe siku kadhaa, jicho moja likiwa limefungwa bandeji. Asubuhi moja Nkoile alimwekea chai ya maziwa na kisahani cha nankatai.

Mzee alichovya moja, akatafuna. Akachukua ya pili. Alipomaliza kisahani aliuliza, "Nani amepika hiki?"

Lomayani alikuwa ameketi karibu yake. Anasema jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Nkoile."

Mzee akamwita mkwewe, akamwambia anyooshe mikono. Akaitemea mate mepesi kwenye viganja, kama wazee wa Kimaasai wanavyobariki, akaiombea isikose cha kushika wala cha kugawa. Nkoile alipokea akiwa ameinamisha kichwa. Mumewe alitazama sakafu.

"Tangu nimezaliwa sijawahi kumsikia baba akibariki kazi ya mtu kwa maneno yale," anasema Lomayani. "Ilikuwa kazi yangu. Nikaitoa mwenyewe."

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo, lakini sifa husafiri. Mwaka huu, masika yalipokwisha, mdogo wake Filipo alioa. Boma lilijaa wageni kutoka pande zote za Handeni. Katikati ya shughuli, Mzee Tiampati akasimama na kutangaza kwamba mkwewe wa Korogwe anajua kupika kitu ambacho hata meno ya wazee yanakishukuru. Wageni watakionja leo leo.

Kumbe mama yake Lomayani, Sintamei, alikuwa ameshajiandaa. Akatoa unga wa ngano, sukari, na samli yake mwenyewe.

"Njoo, mwanangu," alimwita Nkoile. "Tuonyeshe."

Nkoile anasema alimtafuta mumewe kwa macho. Lomayani alikuwa na wanaume wa rika lake, rungu mkononi. Walitazamana. Kisha mumewe akageuza uso, akajifanya anaangalia ng'ombe.

"Nilikuwa naona kila siku anavyofanya, lakini kuona si kufanya," anasimulia mwanamke huyo. "Nilimwomba Mungu samli ishikane na unga. Haikushikana."

Nankatai zilitoka zimeungua chini na mbichi katikati. Mzee alitafuna moja mpaka mwisho. Wageni wakatafuna kwa heshima yake. Upande wa akina mama kicheko kilianza kidogo kidogo. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, kwamba huenda mkwe huyu huzinunua dukani na kuzitia kwenye kisahani. Sintamei akaokota sinia na kuliondoa.

Lomayani aliyasikia yote. Hatua zisizofika ishirini zilimtenga na mkewe.

"Hakuna aliyenishika mguu," anasema. "Ningeweza kwenda. Nilibaki nimesimama na rungu langu, na nilijiona mdogo kuliko mtoto anayenyonya."

Walirudi Korogwe kwa pikipiki bila kuongea. Njiani waliposimama kutia mafuta, Nkoile akafungua mdomo mara moja tu.

"Baba alipobariki mikono yangu, nilinyamaza kwa ajili yako. Leo nimechekwa, nimenyamaza kwa ajili yako. Ya tatu itakuwa nini?"

Wiki zilizofuata Lomayani aliendelea kuoka, lakini anasema kila alipoisogeza samli alikiona kile kicheko. Nkoile naye hakumlaumu tena. Alifungasha, akabeba ndoo zake, akauza. Ukimya huo, anasema Lomayani, ulikuwa mzito kuliko matusi.

Mwishoni mwa Juni aliondoka peke yake kwenda Kwamsisi. Alimkuta baba yake zizini akimpaka ndama dawa ya kupe. Alimsalimu kwa kuinamisha kichwa, kama desturi yao inavyotaka, akasema yote akiwa amesimama: kazi ya ulinzi iliyokwisha, kanga kiunoni, zile nankatai, ule uongo.

Mzee hakuinua uso mpaka alipomaliza kumpaka ndama. Kisha akasema, "Jicho moja lilikuwa na bandeji, ero. Siyo yote mawili."

Ero ni namna Wamaasai wanavyomwita kijana wa kiume. Lomayani anasema alikuwa hajaitwa hivyo tangu apate watoto.

"Nilipokuwa natafuna, Nkoile alikuwa anatazama ukuta," Mzee aliendelea. "Wewe ulikuwa unanitazama mdomo. Mtu hutazama hivyo kitu alichokihangaikia."

"Sasa baba, kwa nini ulimbariki yeye?"

"Nilibariki mikono uliyonitajia. Ningebariki ipi nyingine?"

Lomayani alipiga magoti kwenye samadi, akaomba baraka yake. Mzee alikataa. Alimwambia kuoka hakukumkasirisha, kwani mwaka ule ng'ombe walipokwisha yeye mwenyewe alimtuma mwanawe akatafute chakula, na amekipata. Kilichomkasirisha ni mwanamke kuchekwa mbele ya wageni huku mwenye kosa akiangalia ng'ombe.

"Mwezi wa tisa dada yako Siamanta anaolewa," alisema. "Watakuja wageni walewale. Utakoka moto pale wanaume wanapokaa, siyo kwa mama yako. Utapika, na utasema kwa mdomo wako zile mbovu zilitokana na nini. Baada ya hapo, ukitaka, niletee mikono yako."

Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele ya Lomayani. Ameshanunua sinia jipya. Iliki ameichagua punje kwa punje. Anasema haogopi nankatai kuharibika. Anaogopa ile dakika ya kuvua shuka na kuchutama mbele ya rika lake.

"Najua watacheka. Hata sasa nikifikiria, naona aibu," anakiri. "Lakini aibu hii ni yangu. Ile niliyompa Nkoile haikuwa yake."

Mwandishi alipomuuliza kama jina lake halisi litumike gazetini, alifuta unga mikononi. "Andika lote," alisema, "na la baba."

Ana mpango mwingine pia. Harusi ikipita, anataka kukodi kibanda karibu na barabara ya Tanga, ambapo abiria wa mabasi watamwona akitoa sinia motoni, na vijana wa kifugaji wanaokuja mjini kutafuta ulinzi waweze kuingia na kujifunza wakitaka.

Nkoile, ambaye anapanga nankatai kwenye ndoo, anainua uso anapoisikia harusi ikitajwa.

"Siku hiyo mimi nakaa kwenye kiti, na wageni," anasema. "Chai niletewe."

Lomayani anatazama mikono yake mwenyewe.

"Utaletewa," anajibu.